Kupima Volti ya Kila Seli: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaoanza kujitengenezea kifaa cha kufuatilia volti za seli za betri hudhani kwamba ugumu umo katika programu, ilhali kinachowasumbua baadaye ni kipimo chenyewe. Seli zikiunganishwa mfululizo, mikrokontrola (chipu ndogo inayosoma volti na kuendesha programu) haiioni seli ya nne peke yake. Huona jumla ya seli zote nne kuanzia hasi ya betri, na volti ya seli hiyo hupatikana kwa kutoa jumla ya zile tatu za chini. Chukua seli nne za lithiamu-ioni zilizojaa, kila moja ikiwa na volti 4.2. Kipimo cha juu kabisa ni volti 16.8, na kikikosea kwa asilimia 1 tu, milivolti 168 zote zinaiangukia seli ya nne, ambayo itaonekana mbovu ingawa ni nzima.

Kwa hiyo usiziamini thamani zilizoandikwa kwenye rezista za kugawa volti, yaani zile zinazoipunguza volti ya kila waya hadi kiwango ambacho mikrokontrola inaweza kusoma. Pima volti ya kila waya wa kupimia kwa multimita nzuri, linganisha na inachosoma mikrokontrola, kisha andika katika programu kizidisho (namba ya kuzidishia usomaji ili uwe sahihi) cha kila njia ya kupimia. Wala usitegemee volti 5 za USB kuwa rejea, yaani volti ambayo mikrokontrola huilinganisha na kila inachopima, kwa sababu hupanda na kushuka kulingana na waya na mzigo. Ukiona seli zote zinapanda au kushuka pamoja kwa uwiano uleule wakati betri haitumiki, shuku rejea kwanza. Rejea ya ndani ya mikrokontrola ya ATmega328P imetulia zaidi, lakini thamani yake halisi huweza kuwa popote kati ya volti 1.0 na 1.2, hivyo nayo lazima ipimwe kwa kila chipu.

Rezista zenye ohmu chache hunyonya betri, tena bila usawa: seli ya chini kabisa hulisha njia zote nne, ya juu hulisha njia yake tu, na betri ikikaa miezi bila kutumika kifaa chako ndicho kitakachoziharibia seli ulinganifu. Tumia rezista zenye ohmu nyingi, na kwenye kila pini ya kupimia weka kapasita ya nanofaradi 100 iendayo kwenye hasi, ili usomaji usiyumbe.

Betri ikiwa na seli nyingi, mimi hupendelea kila seli iwe na mikrokontrola yake ndogo, ATtiny85, inayotumia umeme wa seli hiyohiyo na kutuma taarifa kupitia optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Kazi ya kuchomea huongezeka, lakini hesabu ya kutoa huondoka kabisa.

Kila waya wa kupimia uwe na fyuzi ndogo karibu na seli, si kwenye bodi, kwa kuwa shoti ikitokea katikati ya waya, fyuzi iliyo kwenye bodi haina la kufanya. Unapounganisha, anza na hasi ya betri, kisha panda seli moja baada ya nyingine, ukipima volti ya kila waya kabla haujagusa bodi.