Nimefunga BOV kwenye Forester, sasa inazimika kwenye taa

SWALI: Fundi, nina Subaru Forester SG5 ya turbo, gia za mkono. Nimefunga BOV (blow-off valve, vali ya kutoa upepo wa turbo) ya kumwaga upepo nje, ile yenye mlio wa "pshhh". Nikikaribia taa na kuachia mafuta, injini inayumba, mara nyingine inazimika, na ekzosi inatoa moshi mweusi. Ninunue BOV ya bei zaidi? Na nguvu niiongezeje?

JIBU: Usinunue. Ya bei itakuzimia gari vilevile, ila kwa mlio mtamu zaidi.

Forester yako hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, kabla ya turbo, na kompyuta hutoa petroli kulingana na kipimo hicho. Ukiachia mafuta, throto (mlango wa hewa ya injini) hufunga na upepo ulioshindiliwa hukosa pa kwenda. Vali ya kiwandani huurudisha kwenye bomba la kuingizia hewa, baada ya sensa, hesabu ikabaki sawa. Yako inaumwaga nje, na kompyuta haina habari: inapeleka petroli ya hewa ambayo haipo tena. Ndio huo moshi mweusi. Ukiendelea hivyo plagi zitajaa masizi na katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) itaharibika. (Mwenye Toyota Chaser ya injini ya turbo ya 1JZ-GTE atakuapia kwamba BOV haina shida. Ni kweli kwake, kwa sababu injini ile hupima presha ndani ya manifoldi, yaani bomba la kugawia silinda hewa, baada ya throto.)

Rudisha vali ya kiwandani. Kabla hujafika kwa fundi, fungua boneti uangalie tundu la bomba la kuingizia hewa ilipokuwa hosi ya vali ya zamani. Kama liliachwa wazi, turbo inavuta vumbi ambalo halikupita kwenye filta, na hilo ni baya kuliko kuzimika.

Kuhusu nguvu, BOV haiongezi hata farasi mmoja. Kazi yake ni kuzuia upepo usirudi kuipiga turbo. Anza kwa kupima kompresheni na kutafuta hosi zinazovuja. Vikiwa sawa, badilisha bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo na uipange kompyuta upya wakati huohuo, kwa petroli unayonunua hapa, maana gari hilo lilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 hivi. Atakayetaka kukupandishia presha ya turbo bila kugusa kompyuta, mkatalie: injini ikianza kugonga, pistoni za EJ20, injini yako hiyo, hupasuka kwenye kingo za ringi, na hapo unashusha injini nzima.