Kasuku Anayeogopa Mkono

SWALI: Ndugu Mhariri, miezi miwili iliyopita shemeji yangu alihamia ng'ambo akatuachia kasuku wake wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Kwake alikuwa akipiga mluzi na kuwaita watoto kwa majina, lakini kwetu hajatamka hata neno moja. Nikimpelekea chakula hujibanza pembeni mwa tundu na kukoroma, na nikiingiza mkono hupapatika mpaka manyoya yakatapakaa sakafuni. Mume wangu anashauri tumshike kila siku kwa glavu nene mpaka azoee. Je, tufanye hivyo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, glavu hiyo irudisheni ilikotoka. Ndege anayeshikwa kwa nguvu kila siku hatimaye huacha kupapatika, nanyi mtadhani amezoea, kumbe amekata tamaa tu.

Barua yako haisemi alikopatikana, lakini kasuku wengi wa aina hii walinaswa porini, hasa katika misitu ya Kongo na nchi jirani. Mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi, pengine akamweka kasuku mwingine hapo awe chambo, kisha hubandua kwa mkono wake kila ndege aliyenata. Hata yule aliyeanguliwa ndani ya nyumba amezaliwa na mwili wa kiumbe anayewindwa: macho yake yako ubavuni mwa kichwa ili aone hatari inayotoka kila upande, na hatari hiyo mara nyingi ni mwewe anayeshuka kutoka juu. Mkono unaoingia kwa juu, akiwa hana pa kukimbilia, kwake hauna tofauti na mwewe.

Kwa hiyo anzeni na tundu lenyewe. Liinueni lilingane na kifua cha mtu mzima, upande mmoja uegemee ukuta, na liwe mbali na dirisha ambalo kunguru hutua, maana kwa kunguru wa Mombasa hata mimi nisingepata usingizi. Usiku mfunikeni kwa kitambaa chepesi, alale kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili bila taa wala televisheni.

Kisha, kwa wiki ya kwanza, usimwombe kitu. Kaa kwenye kiti hatua tatu kutoka kwenye tundu, umpe ubavu badala ya kumkazia macho, umsomee gazeti kwa sauti ya kawaida. Jifunze kumtazama kwa pembe ya jicho. Manyoya yakilala yakabana mwili, shingo ikarefuka naye akatulia kama kigogo, umekaribia mno, hivyo rudi nyuma taratibu kabla hajakoroma, ili ajue kwamba kwako hata ishara ndogo inasikika na hahitaji kupiga kelele. Akijikung'uta manyoya, akakunja mguu mmoja tumboni au akawa anasaga mdomo polepole, hapo ametulia, na kesho yake unaweza kusogeza kiti kidogo.

Chunguza anachokichagua kwanza katika bakuli, iwe karanga isiyo na chumvi, mbegu ya alizeti au tunda la chikichi. Kitu hicho kiondoe bakulini, akipate kwako tu, ila chakula kingine kisipungue, kwa kuwa njaa si mwalimu wa ndege mwoga. Mpe kupitia nyaya kwa mwiko mrefu, kisha upunguze urefu siku baada ya siku mpaka vidole vyako viwe karibu. Akidondosha punje, iache hapo hapo, usiingize mkono kuiokota. Mkono wenyewe uje mwisho kabisa, mlango ukiwa wazi, ukiingia kutoka chini ya kifua chake na kutulia bila kumfuata, ili yeye ndiye asogee. Mboni zake zikitanuka na kusinyaa upesi huku manyoya ya shingo yakisimama, usimsogelee, kwa sababu huenda akauma.

Kazi hii huchukua wiki, na mara nyingi miezi. Mimi niliwahi kuharibu ya wiki tatu kwa asubuhi moja: nilimpelekea kasuku wangu chakula nikiwa nimejitanda leso mpya nyekundu, akajigonga kwenye nyaya. Aina hii huogopa sana vitu vigeni, basi vaa nguo anazozijua. Muulize pia shemeji yako maneno aliyomwambia asubuhi, uyatumie yale yale kila unapoingia chumbani.

Ubani na udi vichomwe mbali naye, maana mapafu ya ndege hayastahimili moshi. Akikaa chini ya tundu amevimbisha manyoya, au kinyesi chake kikibadilika, hayo si woga tena, mpelekeni kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Hati zake nazo muulize shemeji, kwani tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 kasuku huyu yumo katika orodha ya viumbe wenye ulinzi wa juu kabisa, na kibali cha kumfuga hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Maneno msimdai. Huenda akaanza kupiga mluzi siku ambayo hakuna mtu chumbani, na mkimsikia kutoka jikoni, msikimbilie kumtazama. Mjibuni kwa mluzi huko huko mliko.