Dodoso la wazazi latosha?

Dada, umeuliza kama dodoso latosha kupima jinsi wazazi wa Lamu wanavyowafanya watoto wa miaka 1 hadi 3 wacheze au wakae tu. Halitoshi. Nani atakiri kwamba humpa mtoto simu anyamaze, apate kukuna nazi? Mvalishe mtoto kipima-mwendo, kifaa kidogo kinachorekodi anavyosogea, kiunoni siku kadhaa, ulinganishe na majibu ya mamake. Kiwango cha kulinganishia Shirika la Afya Duniani lilikitoa 2019: dakika 180 za kuchangamka kwa siku, skrini isizidi saa 1 kwa wa miaka 2, wa mwaka 1 asipewe kabisa. Halafu uliza ya huku kwetu: mtoto huachwa ashuke barazani, au mlango hufungwa kwa kuogopa punda wa mizigo kichochoroni? Na nyanyake umhoji pia, maana mara nyingi ndiye anayeshinda naye.