Maswali ya Wasomaji: Hesabu Pumzi Kabla ya Kununua Dawa

Mvua zimeanza, na barua nyingi za wiki hizi zinauliza habari ya mafua na kikohozi. Tumejibu nne.

Mwanangu ana miezi saba. Mafua yalianza siku tatu zilizopita, sasa kifua kinapiga mluzi na usiku hanyonyi vizuri. Dukani nimepewa amoksilini na dawa ya maji ya kikohozi. Niendelee nazo? – *Mama wa watoto wawili, Kasese*

Mama, ziweke kando kwanza umtazame kifua. Mvue shati akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima, kwa saa ya simu. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mtoto mdogo hupumua mbiombio kidogo, kisha pole, na hesabu ya mkato hudanganya. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Chini ya miezi miwili kikomo ni 60. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40.

Ukipata 50, au ukiona nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya leo. Na kama hawezi kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki, au midomo imegeuka buluu, panda boda sasa hivi hata kama ni usiku wa manane.

Dalili ulizoandika zinafanana sana na za virusi vya RSV, ambavyo huvimbisha vijia vidogo kabisa vya hewa kifuani. Mluzi unatoka humo. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo ngumu zaidi, kwa hiyo kesho anaweza kuwa mbaya kuliko leo. Hesabu asubuhi na jioni. Amoksilini huua bakteria, RSV haiigusi. Dawa ya kikohozi haifai umri huo. Baadhi yake humlaza mtoto usingizi mzito wakati unataka awe macho anyonye. Hata salbutamoli, inayowafaa wenye pumu, haimsaidii mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye RSV.

Kunyonya kunashindikana kwa sababu pua imeziba, na mdomo hauwezi kushika ziwa na kuvuta hewa kwa pamoja. Chemsha maji robo lita, tia chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, yaache yapoe. Matone mawili kila tundu la pua, subiri dakika moja, pangusa kwa kitambaa safi kilichosokotwa ncha, kisha mpe ziwa. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Maji hayo yamwage jioni, kesho utengeneze mengine. Akiwa na homa, mpe parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake: mwenye kilo 7, kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, ni mililita 3 hadi 4. Acha saa sita zipite kabla ya kurudia. Aspirini mtoto hapewi.

Sasa hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au muuguzi akihesabu akakuta pumzi zimefika 50 au zaidi, anaweza kukupa amoksilini ileile. Hajakosea. Kwa macho na masikio hawezi kutenganisha nimonia ya virusi na ya bakteria, na hiyo ya pili huua upesi, kwa hiyo anatibu. Maliza dozi yote aliyokuandikia. Aliyekuuzia dukani hakuhesabu kitu.

Angalia pia kadi yake ya chanjo. PCV, inayotolewa Uganda tangu 2013 katika wiki ya 6, 10 na 14, haizuii mafua, ila inazuia bakteria wa nimonia wanaopenda kuingia nyuma ya mafua.

Na yule mkubwa wake nyumbani? Huenda ndiye aliyemletea. Tazama kona ya leso inayofuta kamasi: inarudi begani, mkono uleule unamega posho, unamshika mwingine shavu. RSV huishi saa kadhaa juu ya meza au mwanasesere, na huingilia macho na pua. Vitambaa viwe viwili, na sabuni sekunde 20 kila baada ya kufuta.

Bwenini kwetu mafua yanaruka kitanda hadi kitanda. Tunapiga dawa sakafuni kila jioni lakini hayakomi. – *Matroni, Mbale*

Dada, sakafu haikohoi. Okoeni fedha hiyo mfungue madirisha ya pande zote mbili, usiku pia, hata upana wa kiganja wakati wa mvua. Baridi yenyewe haizai virusi. Ni watu wengi kufungiwa hewa moja. Wanafunzi walale kichwa kwa miguu, ili wa jirani wasikoholeane usoni. Dalili za influenza, yaani mafua makali, huonekana siku 1 hadi 4 baada ya virusi kuingia mwilini, na mwenye navyo huambukiza tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya. Ndiyo maana mkimtenga mmoja leo, wengine wanaanguka keshokutwa. Mtengeni hata hivyo, mpaka apite saa 24 bila homa na bila parasetamoli. Kikombe kimoja cha kuchotea maji kwenye pipa kiondoeni. Wekeni pipa lenye bomba.

Wenye pumu, selimundu au VVU wasisubiri: wakipata homa ya ghafla na mwili kuuma, waende hospitali mapema. Dawa ya influenza, oseltamiviri, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48.

Nikipata homa na mafua humeza dawa ya malaria, napona siku ya nne. Kuna ubaya? – *Mfanyabiashara, Busia*

Kama ni mafua tu, huenda ungepona siku ya nne bila kumeza chochote. Pua inayotiririka si dalili ya malaria, lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo pima kwanza. Kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa takriban dakika 20. Makohozi kugeuka kijani si ishara ya kuhitaji antibayotiki. Kikohozi cha mafua huweza kuburuta wiki mbili hata tatu. Kikivuka mbili usikisie, omba upimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali havitozi.

Kujifukiza mvuke na kunywa asali na ndimu kunaua virusi? – *Msomaji, Arua*

Hapana. Asali hutuliza koo la mtu mzima na la mtoto aliyetimiza mwaka. Aliye chini ya hapo asionjeshwe kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijimbegu vya sumu inayopooza misuli. Na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi huunguza watoto. Ukitaka mvuke, oga maji ya moto, mlango umefungwa.