Riba asilimia 12, hesabu tatu

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa SACCOS. Tulimwagiza mtengenezaji wa programu kwamba mikopo yetu hutozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kazi kaileta, lakini mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 unatoa riba ya 144,000, ilhali leja yetu inasema 78,000. Anadai kafanya tulichoagiza, marekebisho ni malipo mapya. Haki iko kwa nani?

JIBU: Kwa agizo hilo, iko kwake zaidi. Yeye katoza mkopo wote wa awali mwanzo hadi mwisho, ndiyo hiyo 144,000. Ninyi mnatoza salio: asilimia 1 kila mwezi, deni la msingi likipungua 100,000, riba inaanza 12,000 na kushuka hadi 1,000. Jumla 78,000. Na kama angetoza salio lakini akayafanya marejesho yalingane kila mwezi, ingekuwa takriban 79,400. Zote ni "asilimia 12 kwa mwaka". Hata hivyo, aliyezoea programu za mikopo angeuliza, kwa hiyo ombeni mgawane gharama.

Msimwandikie maelezo marefu tena. Chukueni kwenye leja mikopo mitano iliyokwisha: wa aliyelipa kwa wakati, aliyechelewa, aliyelipa pungufu, aliyemaliza mapema, na aliyeongezewa mkopo kabla ya kumaliza wa kwanza. Andikeni kila rejesho kwa tarehe na kiasi, na salio linalotakiwa kubaki. Huyo wa pungufu ndiye mwenye mzozo: anadaiwa 112,000, kaleta 50,000. Inakatwa kwanza faini, riba au deni la msingi? Karani wenu hufanya hivyo kila siku bila kufikiri, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kulisema. Basi yeye, si mwenyekiti, ndiye aketi na mtengenezaji.

Mikopo hiyo mitano iambatanishwe na mkataba, na asilimia 20 hivi ya malipo ibaki mkononi mwenu hadi programu itoe majibu yaleyale. Nyongeza yoyote iandikwe pamoja na bei na siku zake kabla kazi haijaanza, ujumbe wa sauti wa WhatsApp huzaa "si nilikwambia?" nyingi mno.

Kwa sasa, msitoe stakabadhi wala taarifa ya mkopo kutoka kwenye programu hiyo. Endeleeni na leja.