Wasomaji Wauliza: Mbona Anime Haifuati Gemu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mpwa wangu tumemaliza kwenye simu yangu gemu ya zamani ya Pokémon, ile ya kukamata viumbe na kuwapambanisha, tukianza safari na Charmander, yule mjusi wa moto, kwa kuwa ndiye aliyependwa na mtoto. Juzi tulipoanza kutazama anime yake, yaani katuni ya Kijapani, shujaa akapewa kiumbe aitwaye Pikachu, ambaye katika gemu yetu hakuwamo miongoni mwa wale watatu wa kuchagua. Mpwa wangu ameshikilia kwamba kijana anayetuwekea filamu kwenye flashi ametuuzia kitu bandia. Je, hadithi hizi hubadilishwa kwa makusudi? Na manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, nazo ni hivyohivyo?
Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Ndugu yetu wa Kirumba, kijana wa flashi hana kosa, angalau katika hili. Gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani mwezi Februari 1996, na anime ikaanza kurushwa Aprili 1997 ikiwa na mabadiliko hayohayo mliyoyaona: shujaa Satoshi, ambaye kwa Kiingereza huitwa Ash, anachelewa kuamka, anakuta Bulbasaur, Charmander na Squirtle wamekwisha kuchukuliwa, na anaambulia Pikachu mkaidi.

Anayecheza gemu ameshika usukani, ilhali anayetazama anime ni abiria wa kivuko cha Kamanga, ambaye hata akijua njia hawezi kumgeuza nahodha. Kwa sababu hiyo shujaa wa gemu nyingi huachwa karibu bubu, ili wewe uyajaze mawazo yake kwa mawazo yako. Lakini bubu wa namna hiyo hawezi kubeba hadithi ya kutazamwa, kwa hiyo mwandishi hulazimika kumpa jina, tabia na udhaifu. Katika gemu nyingine, Persona 4, mchezaji humpa shujaa jina alitakalo, na matokeo yake ni kwamba anime ya mwaka 2011 inamwita Yu Narukami, na manga inamwita Souji Seta, ingawa ni mtu yuleyule.

Kuna na suala la ushindi. Ninyi mmekuwa mabingwa na gemu ikaisha, lakini kipindi cha kila wiki hakiwezi kumaliza hamu ya watazamaji mapema kiasi hicho, ndiyo maana Satoshi hakutwaa ubingwa wa ligi kuu ya eneo lolote katika mfululizo mkuu hadi ligi ya Alola mwaka 2019. (Niliyekuwa nikimshangilia tangu utotoni nilikuwa nimekwisha kukata tamaa.) Na msidhani kwamba anime ndiyo hufuata daima: mwaka 1998 ilitoka gemu ya Yellow, ambamo Pikachu anamfuata mchezaji nyuma na kukataa kuingia kwenye mpira wake wa kubebewa, kama alivyo katika anime.

Manga, kwa maoni yangu, ndiyo itakayompoza mpwa wako. Ile iliyoandikwa na Hidenori Kusaka, iliyoanza kutoka mwaka 1997 na ambayo kwa Kiingereza inaitwa Pokémon Adventures, ina shujaa aitwaye Red, na iko karibu zaidi na gemu kuliko anime, ingawa nayo ina mambo yake.

Mimi binafsi huvutiwa zaidi na waandishi wanaoukwepa mtego huu kabisa kwa kuuchukua mji wa gemu na kumwacha shujaa wake. Anime ya Cyberpunk: Edgerunners ya mwaka 2022, iliyotokana na gemu ya Cyberpunk 2077, ilifanya hivyo katika sehemu 10 tu, ikisimulia maisha ya kijana mwingine ndani ya mji huo, Night City, na ikafanikiwa sana, ila hiyo itazame peke yako mtoto akiwa amelala, kwa kuwa ina damu na mambo ya kikubwa.

Mkiipata ile manga, mwonyeshe mpwa wako kwamba kurasa zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, asije akadai kwamba nayo ni bandia.