Bahati nasibu haina kosa, kosa ni "jishindie"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kama bahati na nasibu ni kitu kimoja, kwa nini tunasema "bahati nasibu"? Huku si kurudia neno bure? Msomaji wa Morogoro.

Jibu: Marahaba. Si kosa. Bahati asili yake ni Kiajemi. Nasibu ni la Kiarabu, maana yake fungu, sehemu aliyoandikiwa mtu. Waarabu wenyewe mchezo huu huuita yanasib. Kiswahili kinapenda kuyakutanisha maneno ndugu: raha mustarehe, salama salimini, siku dahari. Yaandike mawili bila kuyaunganisha, usiwe na wasiwasi.

Wasiwasi wangu uko kwenye neno jingine la mchezo huohuo, nalo ni "jishindie". Fungua simu yako uone: "Cheza leo ujishindie milioni 50!" Limo kwenye ujumbe, kwenye redio, kwenye mabango ya stendi. Kila nikilisoma nakasirika upya.

Hebu tulichambue. Shinda, shindia, jishindia. Muundo huu tunautumia kwa jambo ambalo mtu analifanya mwenyewe, kwa faida yake, na analiweza: kujipikia, kujilimia, kujichotea. Ukimwambia mgeni "jichotee maji mtungini", umemhakikishia kwamba maji yamo na kata ipo. Ukimwambia "jipakulie", ubwabwa uko mezani. Sasa huyu anayeambiwa ajishindie milioni 50, mtungi wake uko wapi? Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilipoanza Novemba 1994, mchezaji alichagua namba 6 kati ya 49. Namba hizo zinapangika kwa namna 13,983,816, na moja tu ndiyo yenye kitita kikubwa. Mtu wa namna hiyo huambiwa "jaribu". Kumwambia "jishindie" ni kumwahidi usichokuwa nacho.

Tena kushinda kunataka mshindani na jasho. Mkimbiaji hushinda, mgombea hushinda. Aliyenunua tiketi hakumshinda mtu. Kura imemwangukia, basi.

Kuwashawishi wanunuzi si jambo la jana. Mwaka 1567 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitangaza bahati nasibu ya kukusanya fedha za kukarabati bandari za Uingereza: tiketi 400,000, kila moja shilingi 10, bei iliyomshinda mtu wa kawaida. Wanunuzi waliahidiwa hata kinga ya kutokamatwa kwa makosa madogo. Bado zilinunuliwa chache mno, na droo ikachezeshwa mwaka 1569. Enzi za karatasi, hata tangazo tamu lilikuwa na breki yake: mtu alitoka nyumbani, akamtafuta muuzaji, akahesabu pesa mkononi, na njiani akili ikapata nafasi ya kumrudia. Waingereza walianza kuuza tiketi kwenye intaneti mwaka 2003, jimbo la Illinois kule Marekani mwaka 2012. Kwetu kilichofuta safari ile ni simu na huduma za pesa kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Leo kati ya kusoma "jishindie" na pesa ya chakula kuondoka pana namba ya siri tu. Kwa hiyo neno hili lina nguvu ambayo bango la zamani halikuwa nayo, na anayeliandika anapaswa kulipima kabla hajalituma.

Mtaani wanasema kweli kuliko matangazo. Kijana anayebashiri mpira husema ameweka mkeka. Kesho yake anakwambia mkeka umechanika, kwisha. Serikali nayo ilichagua vizuri: chombo kinachosimamia mambo haya Tanzania kinaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kubahatisha! Neno hilo halimfichi mtu kwamba anakisia.

"Mshindi wa bahati nasibu" nimeshalivumilia. Limeota mizizi, na kuling'oa sasa ni kujichosha. Lakini "jishindie" sitalikubali, kwa sababu waandishi wa matangazo hawakukosa la kusema. Wana kujaribu bahati, wana "huenda ukabahatika", wana kuwania. "Cheza leo uwanie milioni 50" ni Kiswahili safi, halimdanganyi mnunuzi, na lina herufi nne pungufu.